Majina Yanayoanza na Sifuri: Uchambuzi wa Kisa cha Vihisi Sita Visivyoonekana

Kisa hiki kinahusu vihisi sita vya joto vya aina ya DS18B20, waya mmoja wa data unaovihudumia vyote, na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ambayo kwa siku mbili iliorodhesha vifaa ambavyo havikuwapo popote huku ikivikana vile vilivyokuwa vimefungwa ukutani. Vihisi vilikuwa ndani ya chumba kimoja cha baridi, kila kimoja kwenye rafu yake, na kazi yake ilikuwa nyepesi: kutoa kiwango cha joto kila baada ya dakika moja. Mezani, kabla ya kufungwa, vyote sita vilionekana na kupima bila shida yoyote. Baada ya kufungwa, hapakuwa na hata kimoja.

Kabla ya kuingia kwenye matukio yenyewe, yafaa kueleza jinsi vifaa hivi vinavyotambuliwa, kwa sababu muda mwingi nilioupoteza niliupoteza kwa kuiruka hatua hii. Mfumo wa 1-Wire ulibuniwa na Dallas Semiconductor, kampuni iliyonunuliwa na Maxim mwaka 2001, nao hutumia waya mmoja wa data pamoja na waya wa hasi. Kwa kawaida huongezwa waya wa tatu wa kupeleka umeme kwenye vihisi. Katika mpangilio huu wa kawaida hakuna kifaa kinachousukuma waya wa data juu. Kila kimoja, kompyuta ikiwemo, kina uwezo wa kufanya jambo moja tu, nalo ni kuuvuta waya chini hadi karibu na sifuri na kisha kuuachia. Kinachourudisha juu ni rezista moja, yaani kijenzi kinachobana mkondo wa umeme, iliyounganishwa kati ya waya wa data na chanya ya volti 3.3, na thamani inayotumika kwa kawaida ni omu 4,700. Mazungumzo yote, ya vihisi viwili au ishirini, yanategemea jinsi rezista hiyo moja inavyouinua waya kwa wakati.

Mazungumzo huanza hivi. Kompyuta huuvuta waya chini kwa muda usiopungua mikrosekunde 480, kisha huuachia. Kila kihisi kinapoona waya umepanda husubiri kati ya mikrosekunde 15 na 60, halafu chenyewe huuvuta chini kwa mikrosekunde 60 hadi 240, ambayo ni sawa na kuitika "nipo". Kwa kuwa wote huitika kwa pamoja, kompyuta hujua kwamba kuna mtu nyumbani bila kujua wako wangapi. Ili kuwahesabu, hutafuta majina yao. Kila kihisi kina jina la biti 64 lililoandikwa kiwandani: biti 8 za aina, ambazo kwa DS18B20 ni 28 kwa heksadesimali, yaani hesabu ya msingi wa 16, biti 48 za namba yake binafsi, na biti 8 za CRC, yaani namba ya ukaguzi inayokokotolewa kutokana na hizo nyingine. Kompyuta huuliza biti moja baada ya nyingine, na kwa kila biti vihisi hutuma biti yenyewe, kisha kinyume chake. Ikisomwa moja kisha sifuri, wote wana moja. Ikisomwa sifuri kisha moja, wote wana sifuri. Zikisomwa moja mbili, hakuna aliyejibu. Zikisomwa sifuri mbili, maana yake baadhi wana moja na wengine wana sifuri, kwa hiyo kompyuta huchagua tawi moja, huendelea nalo hadi mwisho, na baadaye hurudi kulitembelea tawi la pili. Kisa chetu kilikuwa kimejificha katika hizo sifuri mbili.

Siku ya kwanza nilifungua folda ya /sys/bus/w1/devices, ambako kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, huweka folda moja kwa kila kifaa ilichokipata. Nilitarajia majina sita yanayoanza na 28. Badala yake nilikuta 00-400000000000, 00-800000000000, 00-c00000000000, na mengine ya mtindo huohuo. Nilipoangalia tena baada ya dakika chache, orodha ilikuwa imerefuka. Aliyekuwa akisimamia chumba kile alisogea akaitazama skrini, akasema, "Fundi, mbona vimezaana?" Swali lilikuwa la utani, lakini lilikuwa swali zuri kuliko yale niliyokuwa nikijiuliza, kwa maana mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria kwamba vihisi vimeungua wakati wa kufungwa, au kwamba ni vya bandia, ambavyo sokoni havikosekani. Vihisi vilivyoungua, hata hivyo, havibuni majina vyenyewe. Kifaa kilichokufa kimya hukosekana kwenye orodha, na kilichokufa kwa kuubana waya chini huwakosesha na wenzake wote. Orodha inayojaa majina ambayo hayakuandikwa na kiwanda chochote inatungwa na upande wa kompyuta, kutokana na kile inachokisikia kwenye waya.

Nilihakikisha kwanza mambo ya programu, na hapo sikukaa sana: mstari wa dtoverlay=w1-gpio, unaowasha 1-Wire, ulikuwamo kwenye faili la mipangilio, waya wa data ulikuwa umechomekwa kwenye GPIO4 ambayo ndiyo pini inayotumika usipotaja nyingine, na moduli zote zilikuwa zimepakiwa. Isitoshe, mipangilio ni ileile iliyofanya kazi mezani. Kwa hiyo nilichukua multimita, kifaa cha kupimia volti na omu.

Kipimo cha kwanza kilitosha kunionyesha mlango. Waya wa data ukiwa umetulia, bila mazungumzo yoyote, unapaswa kuwa karibu kabisa na volti 3.3. Multimita ilionyesha 2.1. Tofauti hiyo ya zaidi ya volti moja haiwezi kupuuzwa, kwa sababu maelezo ya kiufundi ya DS18B20 yanasema kihisi kinachopata umeme wake kwa waya wa tatu huhitaji angalau volti 2.2 kwenye waya wa data ili kuihesabu kuwa moja. Waya wetu ulikuwa umepumzika chini ya mstari huo. Hata kabla mtu hajasema neno, vihisi havikuwa na hakika kama waya uko juu au chini.

Niliifuata rezista. Kwenye kisanduku cha ukutani ilikuwa imelehemiwa rezista yenye mwili wa buluu, ya aina yenye mistari mitano ya rangi. Ya omu 4,700 ina njano, zambarau, nyeusi na kahawia, kisha mstari wa tano wa kiwango cha usahihi. Ya omu 47,000 ina njano, zambarau, nyeusi na nyekundu. Kahawia na nyekundu juu ya mwili wa buluu, chini ya taa hafifu, zinafanana kama mapacha. Mimi mwenyewe niliitazama mara mbili nikasema ni kahawia. Nilizima umeme, nikanyanyua mguu mmoja wa rezista kutoka kwenye bodi ili vitu vingine visiingilie kipimo, nikapima. Omu 46,900. Mezani tulitumia rezista nyingine iliyochomekwa kwenye bodi ya mazoezi, na hiyo ilikuwa sahihi. Ya kwenye kisanduku ilitoka kwenye pakiti ya jirani.

Hesabu inaeleza kwa nini kosa hili lilitoa dalili zile na siyo nyingine. Kihisi cha DS18B20 hunyonya takriban mikroampea 5 kutoka kwenye waya wa data hata kikiwa kimenyamaza. Sita hunyonya 30. Mikroampea 30 zikipita kwenye omu 47,000 hupoteza volti 1.4, na volti 3.3 ukitoa 1.4 unabaki na 1.9, karibu na ile 2.1 niliyoipima. Huo ni upande wa volteji iliyotulia. Upande wa mwendo ni mbaya zaidi. Kebo yoyote yenye waya mbili sambamba huhifadhi chaji kidogo, yaani ina kapasitansi, na kwa kebo ya mtandao ya kawaida ni kama pikofaradi 50 kwa kila mita. Kutoka kwenye kisanduku zilitoka kebo sita, kila moja ya takriban mita 10, hivyo jumla ni mita 60 na kapasitansi ya takriban nanofaradi 3. Rezista ya omu 47,000 ikiijaza nanofaradi 3 inahitaji karibu mikrosekunde 98 kuufikisha waya nusu ya safari.

Sasa linganisha na saa ya kompyuta. Draiva ya Linux, yaani programu inayoendesha waya huu, baada ya kuachia waya mwishoni mwa wito wa kwanza, husubiri mikrosekunde 70 ndipo isome kama kuna aliyeitika. Kwa mikrosekunde 70 waya wetu ulikuwa bado uko chini, si kwa sababu kuna aliyeuvuta, ila kwa sababu ulikuwa bado unapanda. Kompyuta ikasoma sifuri na kuamini kwamba imeitikiwa. Ikaanza kutafuta majina. Kwa kila biti huvuta waya kwa mikrosekunde 6, huuachia, na baada ya mikrosekunde 9 nyingine husoma. Kwa waya unaohitaji 98, kila usomaji huwa sifuri: biti sifuri, kinyume chake sifuri. Kompyuta ilitafsiri hilo kama vihisi vinavyotofautiana, katika biti ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi ya 64, na ikaruhusiwa kupita tawi lolote itakalo. Kwa kuwa kila tawi liko wazi, hayakosekani majina ambayo CRC yake inalingana kwa bahati na kupita ukaguzi. Hivyo ndivyo vilivyozaliwa vifaa vya 00-. Kila nionapo orodha ya namna hiyo siku hizi, sigusi kihisi hata kimoja kabla sijapima volteji ya waya uliotulia na rezista inayouinua.

Nilibadilisha rezista, nikaweka ya omu 4,700 iliyopimwa kwanza. Waya uliotulia ukapanda hadi volti 3.2. Majina ya 00- yalitoweka, na kwa mara ya kwanza yakatokea majina ya kweli yanayoanza na 28. Yalikuwa manne. Baada ya muda yakawa matano, kisha matatu, kisha manne tena, na hayakuwa yaleyale.

Hapa ndipo nilipofanya kosa langu kubwa katika kisa hiki, na ninalieleza kwa urefu kwa sababu ni kosa la utaratibu, ambalo mtu anaweza kulifanya huku akijiona makini. Niliamua kugawa nusu kwa nusu: kuchomoa kebo tatu, kutazama orodha, kuzirudisha, kuchomoa nyingine tatu, na kuendelea hivyo hadi mkosaji abaki peke yake. Nilichora jedwali, nikaandika kila hatua. Baada ya nusu saa jedwali lilikuwa halina maana yoyote. Kihisi nilichokishika mkononi, kikiwa kimechomolewa kabisa, kilikuwa bado kimo kwenye orodha. Na vingine nilivyokuwa nimevirudisha havikuonekana.

Sababu iko ndani ya kerneli yenyewe. Utafutaji haufanyiki kila mara unapofungua folda. Kwa mipangilio ya kawaida hufanyika kila baada ya sekunde 10, na jina likikosekana halifutwi hapohapo. Kerneli hulivumilia hadi likosekane katika utafutaji wa mara 10 ndipo huliondoa. Kwa maneno mengine, kihisi kilichochomolewa huendelea kuhesabiwa kuwa kipo kwa zaidi ya dakika moja na nusu. Uvumilivu huo una faida kwa mfumo unaofanya kazi, kwani kasoro ya mara moja haiondoi kifaa, lakini kwa anayetafuta hitilafu ni mtego. Nilikuwa nikisoma orodha ya dakika iliyopita na kuiandika kwenye safu ya sasa. Nililichana jedwali lile nikaanza upya, safari hii nikisubiri dakika mbili kamili baada ya kila badiliko, au nikilifuta jina mwenyewe kwa kuliandika kwenye faili la w1_master_remove na kungoja utafutaji unaofuata. Kazi ikawa ya polepole, ila majibu yakawa ya kweli.

Jedwali la pili lilisema jambo ambalo sikulitarajia. Kebo tatu zikichomekwa, ziwe zipi, vihisi vyote vitatu vilionekana na kukaa. Zikichomekwa nne, mara chache kimoja kilipotea. Zikiwa tano au sita, orodha ilicheza. Hakuna kebo iliyokuwa na hatia kuliko nyingine. Hitilafu ilifuata idadi, haikumfuata mtu. Hitilafu inapofuata idadi, kutafuta kifaa kibovu ni kupoteza muda, kwani kilichoharibika ni jumla ya vitu vyote pamoja, na kwenye njia ya pamoja kitu kinachojumlishwa kirahisi kuliko vyote ni kapasitansi ya kebo.

Osiloskopu, kifaa kinachochora volteji inavyobadilika kwa wakati, ilithibitisha. Badala ya ukingo uliosimama wima, kila mara waya ulipoachiwa mchoro ulipanda kwa mkunjo kama pezi la papa, na juu ya mkunjo huo kulikuwa na vijigongo vidogo vya mawimbi yaliyokwenda hadi mwisho wa kila kebo na kurudi. Nilipima muda wa kufika nusu ya volteji: mikrosekunde 10. Hesabu inakubaliana, kwa kuwa omu 4,700 na nanofaradi 3 hutoa takriban hiyohiyo. Na kompyuta, kama nilivyosema, huchungulia mikrosekunde 9 baada ya kuachia. Waya ulikuwa unafika mlangoni mikrosekunde moja baada ya mlango kufungwa. Tofauti ndogo kama hiyo hutosha kueleza kwa nini orodha ilikuwa ikicheza bila kufa kabisa: joto likibadilika kidogo, au kompyuta ikichelewa kidogo kusoma kwa sababu ya shughuli nyingine, biti iliyokuwa ikisomwa vibaya husomwa vizuri, na kinyume chake.

Niongeze hapa kwamba mfumo mwenzake wa I2C, unaotumika pia sana kwa vihisi, una kikomo kilichoandikwa waziwazi cha pikofaradi 400 kwa njia nzima katika kasi zake za kawaida, na kwa hiyo hakuna fundi anayefikiria kuutandaza mita 60 bila vifaa vya kuuongezea nguvu. Mfumo wa 1-Wire ni mpole zaidi, kasi yake ni ndogo, na upole huo humfanya mtu asahau kuwa kikomo kipo. Mimi nilisahau.

Kulikuwa na njia mbili za kuendelea. Ya kwanza ni kuipunguza rezista. Nilijaribu omu 2,200: muda wa kufika nusu ulishuka hadi chini ya mikrosekunde 5, na majina yote sita yakaonekana. Kwa upande wa mkondo hapakuwa na hatari, kwani kihisi kinaweza kuvuta hadi miliampea 4 na rezista hiyo hudai kama 1.3 tu. Ningeweza kufunga kisanduku na kuondoka. Lakini niliacha programu fupi ikisoma vihisi vyote kwa saa moja, nikahesabu ni mara ngapi mstari wa kwanza wa faili la w1_slave, ambamo kerneli huandika kipimo cha kihisi, uliishia na NO badala ya YES, yaani CRC ya kipimo haikulingana. Zilikuwapo, chache, na zilitoka kwenye vihisi tofauti. Rezista ndogo ilikuwa imeharakisha mkunjo bila kuviondoa vile vijigongo, kwa sababu vijigongo havitokani na rezista. Vinatokana na umbo la njia. Kebo sita zinazotoka sehemu moja kama miale ya nyota humaanisha kwamba kila badiliko la volteji huenda kwenye ncha sita na kurudi kwa nyakati tofauti.

Njia ya pili, ambayo ndiyo niliyoichagua, ilikuwa kubadilisha umbo. Tulitandaza kebo moja kuu ya mita 18 inayozunguka kuta za chumba, na kila kihisi kikaunganishwa nayo kwa kipande kisichozidi nusu mita. Jumla ya kebo ilishuka kutoka mita 60 hadi 21, na ncha ndefu ikabaki moja. Nilirudisha rezista ya omu 4,700; mkunjo ulifika nusu kwa takriban mikrosekunde 4 na vijigongo vikapungua kiasi cha kutoonekana. Kama chumba kisingeruhusu kebo kupita ukutani namna hiyo, ningetumia kijenzi cha DS2482-800, ambacho huipa kompyuta njia nane za 1-Wire zinazojitegemea na huusukuma waya juu chenyewe wakati unapopanda, hivyo kila mwale wa nyota ungekuwa njia yake. Hilo ni suluhisho zuri pia, ila linaongeza kifaa kingine cha kuharibika, na kutandaza kebo upya kulichukua nusu siku tu.

Majina yote sita yalikaa kwenye orodha usiku kucha. Asubuhi nilidhani kazi imekwisha, hadi nilipotazama vipimo vyenyewe: vihisi vitano vilisema nyuzi 4 na kidogo, na cha sita kilisema nyuzi 85. Katika chumba cha baridi.

Kipimo cha 85 ni saini inayojulikana. Faili la kihisi hicho lilikuwa na baiti 50 05 4b 46 7f ff 0c 10 1c, na mwisho wake ni YES, maana CRC ilikuwa sahihi kabisa. Baiti mbili za kwanza ndizo joto, zikisomwa kuanzia ya pili: 0550 kwa heksadesimali ni 1,360, na 1,360 ikigawanywa kwa 16 ni 85 kamili. Hiyo ndiyo thamani ambayo DS18B20 huwa nayo inapopata umeme tu, kabla haijapima chochote. Kihisi hakikudanganya na waya haukukosea. Kilichotokea ni kwamba kiliambiwa kipime, kikaanza, kikaishiwa umeme njiani, kikazimika na kuwaka upya, na kilipoulizwa jibu kikatoa lile la kuzaliwa nalo.

Kuishiwa umeme kunaelezeka. DS18B20 inaweza kuishi bila waya wa tatu kwa kujilisha kutoka kwenye waya wa data unapokuwa juu, na chakula hicho kinatosha kuitikia jina. Kupima ni shughuli nyingine: huchukua hadi milisekunde 750 kwa usahihi wa biti 12, na mkondo unaoweza kufika miliampea 1.5. Miliampea 1.5 kupitia omu 4,700 zingehitaji volti 7, na sisi tuna 3.3. Kihisi kinachojilisha hivyo bila msaada maalumu huonekana vizuri kwenye orodha na hushindwa kila kinapotakiwa kufanya kazi. Nilifungua faili la ext_power kwenye folda yake, ambalo matoleo mapya ya kerneli hulitoa, nikakuta 0 wakati vile vitano vingine vilikuwa na 1. Kihisi chenyewe kilikuwa kinakiri kwamba hakioni waya wa umeme.

Nilikifuata kwenye rafu. Kiunganishi chake kwa nje hakikuwa na kasoro, waya zote tatu zimeingia na hakuna iliyolegea ukiivuta taratibu. Nilichomoa pini ya umeme kutoka kwenye kiunganishi na kuitazama kwa kioo cha kukuza. Mabawa mawili ya chuma yanayopaswa kuifinya shaba yalikuwa yameifinya plastiki nyekundu ya waya. Shaba yenyewe ilikuwa imeishia karibu milimita moja nyuma, safi, bila kuguswa na chochote. Waya ulikuwa umeshikiliwa imara kwa ganda lake. Nilikata ncha, nikamenya upya, nikafinya shaba kwanza na ganda baadaye kama inavyopaswa, nikachomeka. Baiti mbili za kwanza zikawa 45 00, yaani 69 ikigawanywa kwa 16, na faili likaandika t=4312: nyuzi 4.3.

Pini hiyo ilifinywa siku ya kufunga, baada ya majaribio ya mezani, kwa hiyo ilikuwapo tangu mwanzo, chini ya hitilafu nyingine mbili. Inawezekana kabisa kwamba ilichangia kuifanya orodha icheze siku ya pili, kwa kuwa kihisi kinachojaribu kupima kwa kuunyonya waya wa data huuvuta chini na kuwasumbua wenzake. Ni kiasi gani siwezi kukitenga, kwani nilibadilisha umbo la njia kabla ya kuigundua. Ningeiona mapema kama ningesoma ext_power ya kila kihisi mara tu majina ya kwanza ya 28 yalipotokea, jambo ambalo lingenichukua dakika mbili.

Mfumo uliachwa ukisoma kwa siku mbili mfululizo, kila dakika, bila NO hata moja na bila 85. Ndani ya mfuniko wa kisanduku nilibandika karatasi yenye majina sita kamili ya vihisi, kila jina na rafu yake, volteji ya waya uliotulia, omu za rezista kama zilivyopimwa na si kama zilivyosomwa kwa rangi, na muda wa waya kupanda. Chini yake niliandika kwa kalamu nyekundu kwamba atakayechomoa kihisi asubiri dakika mbili kabla ya kuiamini orodha.